Miwani Mikavu

Nilifika Nchelenge na begi la kuzamia lisilokuwa na kazi. Ndani mlikuwa na miwani, mrija wa kupumulia, mapezi mawili na vazi la mpira lililokuwa bado linanuka maji ya Ziwa Tanganyika. Mtoto wa nyumba niliyofikia aliyavaa yale mapezi, akatembea nayo uani kama bata mzee, mama yake akacheka hadi akaketi chini. Kwa siku tano nilizokaa kando ya Ziwa Mweru, hiyo ndiyo kazi pekee yaliyoifanya mapezi yangu.

Nilijua mapema kwamba itakuwa hivyo. Mweru si ziwa la kuingia na mtungi wa hewa mgongoni. Upande wa kusini, ambako Mto Luapula unamwaga maji yake baada ya kupita kwenye vinamasi, kina ni mita mbili tatu tu, na upepo ukivuma kidogo tope lote linapanda juu. Kaskazini kuna kina zaidi, kiasi cha mita 27 palipozidi kote. Mamba wapo, viboko wapo, kichocho kipo. Anayetaka kuzamia kwa starehe nchini Zambia huenda Tanganyika, upande wa Nsumbu, na mimi ndiko nilikotoka. Mweru nilipita kwa ajili ya jina tu.

Ukitazama ramani utaona kisiwa cha Kilwa, ndani ya maji ya Zambia, si mbali na Nchelenge. Ng'ambo, upande wa Kongo, upo mji nao unaitwa Kilwa. Mimi ni mtu wa Tanga. Kilwa ninayoijua ina magofu ya msikiti mkuu na mashua za dagaa, na iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya hapa, karibu kwenye mstari uleule wa latitudo. Waswahili walifika huku karne ya 19 wakitafuta pembe za ndovu, shaba na, tuseme ukweli, watu. Livingstone alipofika Mweru mwezi wa Novemba 1867, kisha akaingia kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara ambaye mfalme alikuwa amemzuia asiondoke kwa miaka mingi. Kwa hiyo si ajabu ukisimama ufukweni Nchelenge ukasikia Kiswahili. Hiki cha leo lakini hakitoki kwetu. Kinavuka ziwa kutoka Kongo pamoja na wachuuzi, maji kinayaita mayi, na hakiombi ruhusa ya BAKITA.

Maji yenyewe yanaipa mgongo bahari yangu. Yanatokea Pweto kwa jina la Luvua, yanaingia Lualaba, yanakuwa Kongo, yanaishia Atlantiki. Nilikaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, begi langu miguuni, nikawa nayatazama: rangi ya chai iliyotiwa maziwa machache. Mkono ukiuzamisha hadi kiwiko huoni vidole. Nikajiuliza, kwa kiburi cha mtu aliyetoka kuona vingi wiki iliyopita, watu hawa wanalijuaje ziwa lao?

Niseme kidogo juu ya neno lenyewe. Tanga na Dar es Salaam ukisema fulani kazamia, watu hawaulizi ameona samaki gani. Wanauliza meli ilikuwa inakwenda wapi. Mzamiaji kwetu ni kijana aliyejificha kwenye meli ya watu akitafuta maisha. Na kupiga mbizi, kwa sisi tuliokulia ufukweni, ni kuzuia pumzi: unavuta hewa, unafumba mdomo, unakwenda chini kunasua nanga iliyokwama kwenye mwamba, unarudi kabla kifua hakijapasuka. Sifa ni ya yule anayekaa sana.

Mtungi umeipindua sheria hiyo. Tangu Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza huko Ufaransa, mwaka 1943, kifaa kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri anavyoivuta, amri ya kwanza ya mwanafunzi ni kwamba asizuie pumzi kamwe. Sababu ni ya hesabu. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa ufukweni. Hewa uliyoivuta mita 10 chini, ukipanda nayo hadi juu mdomo umeufumba, inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Ilinichukua siku tatu kusahau nilichofundishwa na kaka zangu. Kila nilipoona kitu cha ajabu nilikata pumzi, na mwalimu akanigonga bega. Mpaka leo nikiona kitu cha ajabu, hata nchi kavu, hupumua kwa nguvu kama mgonjwa wa pumu.

Siku ya kwanza kabisa, kwenye duka la wazamiaji katika kisiwa kimoja cha pwani yetu, kijana wa mapokezi alinielekeza mlango wa nyuma, kunakopakiwa mitungi. Alidhani nimekuja kuomba kibarua. Sikumlaumu sana. Waliobeba mitungi wote walikuwa vijana wa kijiji kile, na waliopanda mashua wote walikuwa wageni. Wale vijana waliijua miamba yao kwa majina, walijua changu yuko wapi maji yakijaa na pweza yuko wapi maji yakitoka, lakini wengi wao walikuwa hawajawahi kuvaa miwani wakatazama chini bila mkuki au mshipi mkononi. Nilipowauliza kwa nini, mmoja alisema, "Kaka, nikatazame halafu?"

Swali hilo nimetembea nalo miaka.

Watu wa pwani waliowahi kuvaa mitungi kwa wingi ni wale waliotumwa kuokota majongoo bahari kwa ajili ya masoko ya Asia. Wengi hawakufundishwa kitu. Walishuka mara nyingi kwa siku, wakapanda haraka, na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ikatoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Wapo waliopooza. Wapo waliozikwa. Kwa hiyo mama wa pwani akiambiwa mwanawe amechukua mtungi, hafikirii starehe.

Nikatazame halafu? Jibu nililipata Mafia, na halikuwa la maneno. Kati ya Oktoba na Februari hivi, papa potwe huja karibu na Kilindoni kufuata chakula. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, na mdomo wote ule anautumia kuchuja vijidudu vya maji na visamaki. Niliyekutana naye alikuwa kijana bado, urefu wa hiace moja na nusu. Nilikuwa juu ya maji na miwani na mrija tu. Alitokea upande wa kulia, madoa meupe mgongoni kama kanga iliyochapwa vibaya, jicho dogo likanitazama, likaniacha. Hakunikimbia, hakunijia. Alikuwa kazini.

Mimi ni mjukuu wa mvuvi na samaki nimewaona wengi kuliko watu. Lakini samaki wote niliowaona kabla ya hapo walikuwa katika siku mbaya kuliko zote za maisha yao. Walikuwa wananitumbulia macho kutoka ndani ya tenga. Sikuwahi kumwona samaki aliye na shughuli zake.

Tanganyika, wiki ile kabla ya Nchelenge, samaki waliniongezea somo. Huko maji ni maangavu, unaona mbali, na samaki wengi waliomo hawapatikani ziwa jingine lolote. Kwenye mchanga wa kina cha mita nane hivi palitapakaa makombe matupu ya konokono, na ndani ya kila kombe aliishi samaki asiyezidi urefu wa kidole. Nilipokisogeza kidole changu, mmoja alitoka nje akakigonga kwa kichwa. Aliyekuja kugongwa ana kilo 84. Jioni mwenyeji wangu alinieleza habari za kambare wa ziwa hilo anayefanya kama kekeo: wakati samaki wengine wanataga na kuyachukua mayai yao mdomoni ili wayalee, yeye anapita na kuyachomekea yake, na mama wa watu analea mdomoni watoto watakaokula wanawe. Mambo haya yanatendeka chini ya mitumbwi kila siku. Aliyeyajua kwanza alikuwa lazima atazame na asichukue, angalau kwa dakika chache.

(Angalizo kwa atakayekwenda: ziwa lile liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na barabara ya kutoka Mpulungu inapanda hadi Mbala, zaidi ya mita 1,600. Mtu aliyezamia asubuhi akapanda gari mchana kuelekea Mbala ni sawa na aliyepanda ndege: ile naitrojeni bado imo mwilini. Apumzike siku moja. Mimi nilipumzika, nikala ugali na sangala, sikujuta.)

Basi nikaja Mweru na kichwa hicho, kwamba kulijua ziwa ni kulitazama. Kashikishi, soko linaloungana na Nchelenge, nilimkuta mama mmoja wa ng'ambo akifunga mafurushi ya samaki wakavu, nikamsalimu kwa Kiswahili changu cha Tanga. Alikifurahia kama mtu anayesikiliza redio. Nilimwuliza kama yupo mtu yeyote, pande zote mbili za ziwa, aliyewahi kutazama chini. Akaniita papa. Kwa Kiswahili cha Katanga ni baba, lakini mimi niliyekuwa nawaza samaki nilishtuka.

"Mayi ya huku haina macho, papa," alisema. "Banaangariaka na mikono."

Yaani hutazama kwa mikono. Nilidhani ni mzaha hadi nilipokaa na wavuvi. Mmoja wao, mzee ambaye kila mtu alimtaja kwa ba- ya heshima ya Kibemba, alikuwa akitengeneza wavu huku akinisimulia, na macho yake hayakuwa kwenye wavu wala kwangu. Vidole vilikuwa vinasoma. Alisema usiku, kamba ikiwa mkononi, anajua kilichonasa ni pale, yule samaki wa jamii ya sato ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mfalme wa ziwa hili, au ni kambare, au ni gogo. Kambare anazunguka. Pale anapiga mara moja kwa nguvu, ananyamaza, anapiga tena. Gogo, alisema, lina subira.

Aliniambia pia habari za kutumpula. Mnatega wavu, mnazunguka na mtumbwi mkiyapiga maji kwa mti wenye kichwa kama rungu, na mlio unawakurupusha samaki hadi kwenye wavu. Sheria inakataza, na mzee alilisema hilo kabla sijauliza, kisha akaendelea kunieleza namna ya kuushika mti. Nilichokisikia mimi ni kwamba watu hawa wanajua samaki anasikia nini. Mimi na miwani yangu ya bei sikuwahi kufikiria masikio ya samaki.

Ikabidi niikumbuke aibu ya nyumbani. Samaki mashuhuri kuliko wote wa Tanga hakujulikana kwa mzamiaji yeyote. Silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu enzi za madinosauri, aliibuka mwaka 1938 kutoka kwenye wavu wa meli ya uvuvi Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London akamtambua kwamba si wa kawaida kwenye lundo la samaki. Visiwani Komoro wavuvi walikuwa wanamjua muda wote huo, wakimwita gombessa. Kwetu Tanzania wa kwanza kutambuliwa alinaswa Songo Mnara mwaka 2003, na Songo Mnara iko, tazama mambo, Kilwa. Baadaye wakanaswa Tanga kwa makumi, kwenye majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Anaishi chini kuliko anakofika mzamiaji wa starehe. Babu yangu na wenzake ndio waliokuwa na uwezo wa kumgusa, bila kumwona hata siku moja akiogelea.

Kwa hiyo yule mama wa Kashikishi alinishinda. Ningeweza kuishia hapo, kwamba mikono inajua na macho yanajisifu, na wenyeji wa Nchelenge wangenisamehe. Lakini siamini hivyo, na sababu yangu ni samaki aitwaye mpumbu.

Katika bonde la Luapula husimuliwa habari za Nachituti, dada wa Nkuba, mfalme wa Washila waliokuwa mabwana wa uvuvi huku. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake. Nachituti akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi, Kazembe akamwua Nkuba, na yule mwanamke, kwa shukrani, akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi yote na maziwa na mito yake. Nimeipenda hadithi hiyo kwa ajili ya chungu. Ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 limetiwa ndani ya chungu likakabidhiwa, na hakuna aliyeuliza ndani kuna nini. Kilichomo kinajulikana kwa kukitoa.

Mpumbu alijulikana hivyo. Alikuwa samaki wa kupanda mto: mvua zikishika, makundi yalitoka ziwani kuingia Luapula kutaga, na watu walijua lini na wapi kuliko yeyote ambaye angewatazama kwa miwani. Ujuzi huo ulikuwa salama soko lilipokuwa kijiji. Soko lilipokuwa migodi ya Katanga, na wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, wakawa wananunua chochote kinachotoka majini, ujuzi uleule ukawaziba mpumbu njia. Walikamatwa wakiwa na mayai, na mayai yenyewe yalipendwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 yale makundi makubwa yalikuwa yamekwisha. Siku hizi Zambia huufunga uvuvi humu kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Mzee wangu wa wavu alimtaja mpumbu kama watu wanavyomtaja marehemu aliyekuwa na pesa.

Mikono inajua, ndiyo. Lakini mkono unajua kwa kushika, na kilichoshikwa hakirudi kukuonyesha kingefanya nini kesho. Mpumbu angepanda vipi ule mto, dume likifanya nini na jike likifanya nini, nani alitangulia, walipumzika wapi? Hakuna aliyemtazama bila kumtaka. Sisemi miwani ingemwokoa. Baruti ilivunja matumbawe ya Tanga mbele ya macho ya watu wenye miwani. Nasema tu kwamba mtu ambaye amewahi kumwona samaki akiwa na shughuli zake hupata shida kidogo, shida ndogo sana, kabla ya kuuvuta wavu. Shida hiyo ndogo ndiyo ninayoitafuta kila ninapozamia, na ndiyo ambayo ningependa wale vijana wa mitungi waionje mara moja, kwa gharama ya mwenye duka.

Na yanayotendeka ndani ya chai ile ya maziwa si madogo. Mwaka 2019 Joana Meier na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jamaa wa furu wa Mweru na wa Bangweulu, ziwa lililo juu kwenye mto huohuo. Bangweulu, koo zile za samaki zilikaa peke yake, na hazikuzaa aina nyingi mpya. Mweru, samaki wa koo hizohizo walikutana na wa koo za Kongo, wakachanganya damu, na kutokana na mchanganyiko huo zikatokea aina nyingi zilizogawana vyakula na mahali pa kuishi. Yaani ziwa hili la mpakani, ambako Mlunda alikutana na Mshila na Mswahili akaja kuuza shanga, lilikuwa soko la mchanganyiko kabla ya mtu yeyote kupanda mtumbwi juu yake. Mengi ya hayo yamejulikana kwa nyavu na maabara, kwa kusoma vinasaba. Macho hayakuhusika sana.

Ila macho ya samaki yanahusika. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997, kwenye Ziwa Victoria upande wa Mwanza, kwamba majike wa furu huchagua madume kwa rangi, na maji yakichafuka hawatofautishi, koo zinachanganyikana na aina zinapungua. Nililifikiria hilo nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi wangu uliofudikizwa. Chini kule kuna jike anayehangaika kuona kama ninavyohangaika mimi.

Usiku wa nne nilipelekwa kuvua chisense. Ni dagaa wa Mweru, mwembamba, mweupe wa fedha, na tangu pale na mpumbu walipopungua yeye ndiye anayelisha bonde zima na kusomesha watoto. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Tulitoka vijana watatu na mimi, upepo umelala, taa za mitumbwi mingine zikiwa zimejipanga mbali kama mji ambao mchana haupo. Nilikuwa nimevaa jaketi la kuelea na koti la kuazima, na begi langu nililiacha nyumbani. Hakuna aliyeniambia niliache. Niliona aibu tu.

Wakawasha taa karibu na maji, tukangoja. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila wadudu, mawingu ya wadudu, wakiingia masikioni na kwenye chai. Halafu mmoja wa wale vijana, aliyewahi kuvua Kilwa ya Kongo na kurudi na Kiswahili cha huko, akanivuta mkono, akaniinamisha ubavuni mwa mtumbwi. Taa ilikuwa imetoboa maji. Si sana, labda urefu wa mkono wangu na nusu, lakini palikuwa na chumba cha mwanga, na ndani ya chumba hicho chisense walikuwa wanazunguka. Mia, kisha elfu, wote upande mmoja, wakigeuka pamoja na kuwaka pamoja. Chini yao, pale mwanga ulipokuwa unakufa, kitu kikubwa zaidi kilipita mara moja na duara lote likabonyea kama shuka lililovutwa katikati, kisha likajiziba. Nilipumua kwa nguvu. Yule kijana akaniuliza kama ninaumwa.

Nilimwambia siumwi. Tukawa tumeinama wote wawili, bega kwa bega, na wenzake wakiwa wamekaa na kamba za wavu mikononi bila kuzivuta. Nikamwuliza tunangoja nini. Nilidhani ni ufundi, kwamba wanangoja samaki waongezeke. Alinijibu kwamba wameshatosha, ila yeye huwatazama kwanza. Kila usiku? Kila usiku, alisema, na wenzake wameshazoea.

Kisha akanyoosha mkono, wakavuta. Chumba kikajaa mlio kama mvua juu ya bati, ikawa imekwisha.

Asubuhi chisense walikuwa wametandazwa juani, akina mama wakiwageuza kwa mifagio na kufukuza kuku. Nilinunua meda mbili, kile kipimo cha sokoni huko, za wale wa jana, waliokwisha kukauka, mwenye biashara akaniongezea konzi moja kwa ajili ya Kiswahili. Walinisindikiza hadi Tanga wakiwa wamefungwa ndani ya vazi la mpira, ambalo sasa halinuki tena Tanganyika.

Ukienda Nchelenge, uliza habari za mwezi kabla ya kukata tiketi. Ukiwa mpevu hawatoki, kwa sababu mwanga unaenea ziwani kote na chisense hawaijali taa.